Hasara Iliyokatiwa Bima: Nani Hulipia Kosa la Kipimo?

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti karibu na mji mkuu wake, Port-au-Prince. Serikali ilitaja vifo zaidi ya laki mbili. Wapo watafiti walioipunguza sana idadi hiyo, lakini hakuna aliyebisha kwamba ulikuwa msiba wa kupindukia. Wiki sita na ushei baadaye, tarehe 27 Februari, ikawa zamu ya Chile: tetemeko la ukubwa wa 8.8, lenye nguvu mara mamia kuliko lile la Haiti, likifuatwa na tsunami. Huko walikufa watu takribani 525. Sasa tufungue vitabu vya bima vya mwaka huo. Chile: dola za Marekani bilioni 8 hivi. Haiti: karibu dola milioni 200. Kwa msomaji wa safu hiyo peke yake, Haiti haikupatwa na jambo la kutaja.

Kampuni kubwa za bima mtawanyo, yaani zile zinazoziwekea bima kampuni nyingine za bima, hutangaza kila mwaka jumla ya hasara zilizokatiwa bima duniani kutokana na majanga ya asili. Swiss Re ya Zurich huzitoa katika mfululizo wake uitwao sigma, na takwimu zake zinarudi nyuma hadi mwaka 1970. Munich Re nayo hutoa za kwake. Kwa mwaka 2024 Swiss Re ilitaja dola bilioni 137, kati ya hasara yote ya kiuchumi ya bilioni 318. Vyombo vya habari huichukua tarakimu hiyo kama kipimo cha ukali wa mwaka: ikipanda, dunia imechafuka, ikishuka, tumepumua. Mimi naiona kuwa ni jumla ya ahadi zilizofika wakati wa kulipwa, na ahadi hizo wamepewa watu fulani, mahali fulani, kwa masharti fulani. Wengi wameshaeleza kwamba watu wetu wengi hawana ahadi hizo. Jambo ambalo halijachunguzwa vya kutosha ni aina ya ahadi tunazouziwa sasa ili kuliziba pengo hilo, na hasa swali la nani anabeba mzigo pale kipimo kinapokosea.

Tuanze na namna tarakimu yenyewe inavyopatikana. Nchini Marekani taasisi iitwayo Property Claim Services hulipatia tukio namba ya janga pale madai ya bima yanapotarajiwa kufikia dola milioni 25. Ulaya ipo PERILS, ambayo hukusanya takwimu za madai kutoka kwa kampuni zenyewe. Kabla madai hayajafika mezani, kampuni za modeli za majanga huendesha hesabu zao: kimbunga kimepita wapi na kwa kasi gani, majengo gani yalikuwa njiani, yamejengwa kwa nini, na mikataba yake inasemaje kuhusu kiwango ambacho mwenye mali anajibebea mwenyewe. Hatua zote hizo zinadai kumbukumbu: anwani, thamani, hati ya bima, mkadiriaji hasara anayeweza kufika na kupiga picha. Usiku wa tarehe 14 Machi 2019 kimbunga Idai kilipoingia Beira, Msumbiji, na baadaye maji yakafunika bonde la mto Buzi, nyumba nyingi zilizosombwa hazikuwa na hata moja kati ya hayo. Mahitaji ya kuijenga upya Msumbiji baada ya Idai na Kenneth, kimbunga kilichofuata wiki sita baadaye, yalikadiriwa kuwa dola bilioni 3.2. Mchango wa bima katika fedha hizo haukutosha hata kuzua mjadala.

Mwaka 2023 unaonyesha upande wa pili. Swiss Re ilihesabu dola bilioni 108 za hasara zilizokatiwa bima, na bilioni 64 kati ya hizo zilitokana na dhoruba za radi, nyingi zikiwa Marekani. Tukizungumza kwa lugha ya kawaida, sehemu kubwa ilikuwa mvua ya mawe: mapaa yaliyotobolewa, magari yaliyobonyezwa yakiwa kwenye viwanja vya wauzaji, paneli za sola zilizopasuka. Hakuna dhoruba moja kati ya hizo iliyobaki katika kumbukumbu ya walimwengu. Mwaka huohuo, tarehe 6 Februari, matetemeko ya Uturuki na Syria yaliua zaidi ya watu 50,000, na bima ikachangia takribani dola bilioni 6, licha ya Uturuki kuwa na mfuko wa lazima wa bima ya matetemeko tangu mwaka 2000. Septemba, mabwawa mawili yalipasuka juu ya mji wa Derna, Libya, na maelfu wakapelekwa baharini. Katika daftari la bima Derna ni kama haipo.

Kwa hiyo jumla hii inapopanda, sababu zake ni mchanganyiko. Hali ya hewa inabadilika, na moto, mafuriko na dhoruba hubeba sehemu ya mabadiliko hayo. Lakini pia watu wamehamia pwani ya Florida na kando ya misitu ya California, nyumba zao ni kubwa na za thamani zaidi, na bei za mbao, bati na mafundi zimepaa. Wachambuzi wa bima wenyewe hukiri kwamba ongezeko la mali iliyo njiani mwa majanga ndilo lililobeba sehemu kubwa ya mwelekeo huu kwa miongo kadhaa. Gazeti linaloruka moja kwa moja kutoka kwenye dola bilioni 137 hadi kwenye hewa ukaa limeruka hatua ambazo hoja yake inazihitaji.

Zaidi ya hapo, tarakimu hii inaweza kushuka kwa sababu mbaya. Mei 2023 State Farm, kampuni kubwa kuliko zote katika bima ya nyumba California, ilitangaza kwamba haitapokea maombi mapya ya bima ya nyumba katika jimbo hilo. Nyingine zilikuwa zimeshapunguza biashara yao huko. Wenye nyumba wakasukumwa kwenye FAIR Plan, mpango wa dharura ulioanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya wale wanaokataliwa sokoni, unaotoa kinga finyu kwa ada kubwa. Januari 2025 mioto ya Palisades na Eaton iliteketeza majengo zaidi ya 16,000 katika eneo la Los Angeles, na hasara ya bima ikakadiriwa kufikia dola bilioni 40. Kama kampuni zingekimbia zaidi kabla ya moto, makadirio hayo yangekuwa madogo. Nyumba zingeungua zilezile.

Ndiyo maana wataalamu hupenda zaidi kutazama kile wanachokiita pengo la kinga, yaani tofauti kati ya hasara yote na ile iliyolipiwa na bima. Hoja yao ni nzuri kadiri inavyokwenda. Katika nchi zetu ada zote za bima kwa pamoja ni sehemu ndogo sana ya pato la taifa. Kenya, yenye soko lililokua kuliko majirani zake, inacheza kati ya asilimia 2 na 3, ilhali wastani wa dunia unakaribia 7. Na kwa upande wa mali, kilichopo zaidi ni bima ya gari, kwa kuwa sheria inailazimisha na trafiki anaiulizia barabarani. Nyumba ya kuishi, shamba na mifugo hukaa nje. Tetemeko la Kagera, Tanzania, la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vitongoji vyake. Kilichofuata ni kile tunachokijua sote: michango, hundi za mfano zilizochapishwa kwa ukubwa wa meza, na mabishano kuhusu matumizi ya fedha hizo. Atakayesema njia hiyo inatosha ajitokeze.

Dawa inayopendekezwa kwetu kwa miaka 15 iliyopita ni bima ya kiashiria. Mkataba wa kawaida hulipa hasara iliyotokea, baada ya mkadiriaji kuithibitisha. Mkataba wa kiashiria hulipa pale kipimo fulani kinapovuka kiwango kilichoandikwa: kasi ya upepo, mgandamizo wa hewa katika kitovu cha kimbunga, milimita za mvua, ukijani wa malisho kama unavyoonekana kwenye setilaiti. Hakuna anayekwenda kukagua ng'ombe aliyekufa. Malipo huja haraka, gharama za uendeshaji hupungua, na mwenye bima hana njia ya kuidanganya kampuni. Mfuko wa nchi za Karibiani ulioanzishwa mwaka 2007, CCRIF, hulipa ndani ya siku 14. Uliilipa Haiti dola milioni 7.75 baada ya tetemeko la 2010, fedha kidogo mno kwa msiba ule, lakini ni miongoni mwa fedha za mwanzo kabisa kuifikia hazina ya nchi ambayo wizara zake nyingi hazikuwa na jengo. Umoja wa Afrika nao ukaanzisha African Risk Capacity, ARC, mwaka 2012, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi nne zilizoingia katika kundi lake la kwanza mwaka 2014, pamoja na Senegal, Mauritania na Niger. Mwaka 2015 nchi hizo tatu za Sahel zililipwa zaidi ya dola milioni 26 kwa ukame.

Faida hizo zipo na sitaki kuzibeza. Lakini kila modeli hukosea, na tofauti kubwa kati ya mikataba hii miwili huonekana siku inapokosea.

Agosti 1992 kimbunga Andrew kilivunja kusini mwa Florida. Kampuni za bima zilikuwa zikikadiria hasara kwa kutazama miaka iliyopita, miaka ambayo vimbunga vikali vilikuwa adimu huku majumba yakiota kila upande. Hasara ikawa dola bilioni 15.5, kiasi ambacho wengi sokoni hawakukitarajia. Kampuni zisizopungua 11 zilifilisika. Lilikuwa kosa la hesabu, na lilibebwa na mizania za kampuni zenyewe, kisha na mfuko wa dhamana wa jimbo. Mwenye nyumba wa Homestead, mji wa huko, alikuwa na mkataba uliosema paa likiondoka atalipwa, na modeli ya nani ilikosea halikuwa swali lake.

Thailand mwaka 2011 ilikuwa hivyohivyo, tena kwa kiwango cha kuaibisha. Mafuriko yalikaa wiki nyingi katika viwanja vya viwanda vya Ayutthaya, palipokuwa na kiwanda cha Honda na watengenezaji wa vipuri vya kompyuta. Soko la bima la dunia halikuwa na modeli ya maana ya mafuriko ya Thailand. Wengi hawakujua hata ni viwanda vingapi walivyovibeba kupitia bima za kampuni mama za Japani. Hasara ya bima ilikaribia dola bilioni 15, na soko la Lloyd's la London peke yake likabeba bilioni 2.2. Wakalalamika, wakapandisha ada, wakatengeneza modeli. Lakini walilipa.

Sasa twende Malawi. Serikali ilinunua kinga ya ukame kwa ARC kwa msimu wa 2015/16, ikalipa ada ya karibu dola milioni 5. Mvua zikachelewa, kisha zikakatika katikati ya msimu. Aprili 2016 rais alitangaza hali ya maafa. Tathmini zilionyesha kwamba zaidi ya watu milioni 6 wangehitaji chakula. Modeli ya ARC, iliyokuwa ikipokea takwimu za mvua kutoka kwenye setilaiti, ilitoa jibu lake: walioathirika ni karibu 21,000. Kwa mujibu wa mkataba, hakuna cha kulipwa.

Kosa lilikuwa wapi? Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu jibu liko shambani. Modeli ilichukulia kwamba mkulima wa Malawi anapanda mahindi ya muda mrefu, yanayokomaa kwa siku 120 hadi 140. Wakulima wengi walikuwa wameshahamia mbegu za siku 90, hasa kwa sababu mvua zimekuwa hazitabiriki. Muhindi hauumizwi na kiu kwa namna ileile katika umri wote. Ukikosa maji unapotoa mbelewele, gunzi halijai. Ukibadilisha mbegu, tarehe za mbelewele nazo zinahama. Kwenye kompyuta ukame uliyakuta mahindi bado machanga yenye nafasi ya kujirudi. Shambani uliyakuta yakichanua. Baada ya malalamiko, watafiti walitumwa vijijini kuuliza wakulima wanapanda nini. Modeli ikarekebishwa, na takribani dola milioni 8.1 zikatoka, zikafika Januari 2017, wakati njaa ilikuwa imeshakuwa kali na mahitaji yakiwa mamia ya mamilioni ya dola.

Tazama aliyebeba kosa katika miezi yote ile ya kungoja. Wenye mtaji waliokuwa nyuma ya mkataba hawakupoteza senti. Waliotengeneza modeli waliendelea na kazi. Mkulima aliyekuwa amefanya uamuzi wa busara, wa kubadilisha mbegu ili kuikimbia hatari, aliadhibiwa kwa busara hiyo kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Na marekebisho yalikuja kwa hisani: mkataba wenyewe haukumlazimisha mtu kurudi kwenye hesabu. Kosa la aina hii la Florida lilifilisi kampuni 11. La Malawi halikufilisi yeyote anayeandikwa kwenye ripoti.

Jamaika inaonyesha kwamba jambo hili halitegemei uzembe wa mtu. Mwaka 2024 nchi hiyo, kupitia Benki ya Dunia, ilitoa hatifungani ya majanga ya dola milioni 150: wawekezaji wanaweka fedha, wanalipwa riba nono, na kimbunga kikivuka viwango vilivyoandikwa fedha zao zinakwenda Jamaika. Julai mwaka huo kimbunga Beryl kilipita kusini mwa kisiwa na kuharibu mashamba na nyumba. Mgandamizo wa hewa haukushuka kufikia kiwango cha mkataba. Hatifungani haikulipa hata dola moja. Tarehe 28 Oktoba 2025 Melissa, kimbunga cha daraja la 5, kilitua magharibi mwa kisiwa, na safari hii dola milioni 150 zote zikalipwa. Ni sawa kusema chombo kilifanya kazi kama kilivyobuniwa mara zote mbili, na serikali ilikuwa na akiba nyingine pamoja na kinga ya CCRIF kwa matukio madogo. Jamaika ilijua inachonunua, ina wizara ya fedha yenye wachumi wa kusoma viambatisho vya mkataba, na ilikuwa imepanga tabaka zake za kinga kwa makusudi. Ila hata hivyo uharibifu wa Melissa ulikadiriwa kuwa dola bilioni 8.8.

Mfugaji wa Marsabit, Kenya, hana wizara. Bima ya mifugo ya kiashiria ilianza huko Januari 2010, ikiandaliwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Mfugaji anahesabu mifugo yake kwa kipimo kimoja: ng'ombe ni kizio kimoja, ngamia ni 1.4, mbuzi au kondoo 10 ni sawa na ng'ombe mmoja. Analipa ada kulingana na eneo lake, na setilaiti inapima ukijani wa malisho ya eneo zima. Mwanzoni malipo yalitegemea makadirio ya vifo vya mifugo: yakivuka asilimia 15, mfugaji analipwa. Baadaye mkataba ulibadilishwa ili ulipe mapema, anunue majani na maji wakati mnyama bado yu hai, na hilo lilikuwa badiliko la maana kuliko yote. Jirani yake, Wajir, palikuja takaful, bima inayofuata sharia za Kiislamu, kwa kuwa Waislamu wengi huko walikuwa na shaka na bima ya kawaida kwa sababu za riba na kamari, na wafugaji wakalipwa chini ya mpango huo mwaka 2014.

Lakini setilaiti inaona kijani tu. Mathenge, kichaka kilichotapakaa katika maeneo mengi ya ukame nchini Kenya, hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha, na ng'ombe hawezi kuishi kwa majani yake. Eneo la kiashiria nalo ni pana. Mvua inaweza kunyesha upande mmoja na kuruka mwingine, na wastani ukatoka mzuri. Waliobuni mpango wanayajua haya na wamekuwa wakiyapunguza mwaka hadi mwaka. Hata hivyo yule ambaye mifugo yake imekufa huku kiashiria kikisema malisho yapo, amepata hasara mara mbili: mifugo na ada.

Je, turudi basi kwenye mkadiriaji anayepita boma kwa boma? Gharama yake ingeimeza ada yote. Ila chaguo haliko kati ya mkadiriaji na setilaiti peke yake. Ufaransa tangu mwaka 1982 hutoza nyongeza moja, kwa kiwango kimoja nchi nzima, juu ya kila bima ya mali. Kwa nyumba kilikuwa asilimia 12 na kikapandishwa hadi 20 mnamo Januari 2025. Aliye mlimani anamchangia aliye bondeni, na serikali inasimama nyuma kama mdhamini wa mwisho. Mfumo huo una kero zake: kijiji kisipotambuliwa rasmi kuwa kimepatwa na janga, nyumba zilizopasuka kwa udongo wa mfinyanzi uliokauka hubaki na nyufa zake. Pia unategemea nchi ambayo karibu kila nyumba ina bima, jambo tusilolikaribia. Tunachoweza kuazima ni wazo kwamba makosa ya kipimo yanapaswa kuwa na mfuko wake, uliotengwa kabla ya msimu, na kwamba anayeuza kipimo achangie mfuko huo.

Kwa vitendo, serikali inayonunua mkataba wa kiashiria ingeweza kudai mambo ya kawaida kabisa. Kifungu kinachoruhusu hesabu ya pili kutoka ardhini pale tathmini ya chakula inapopishana mno na modeli. Muda wa mwisho wa kulijibu ombi hilo, uhesabiwe kwa wiki. Sehemu ya ada irudishwe pale modeli inapothibitika kuwa ilijengwa juu ya taarifa potofu. Na kabla ya saini, modeli ijaribiwe kwa miaka ya nyuma mbele ya mabwana shamba na wafugaji wanaoikumbuka miaka hiyo kwa majina yake. Kampuni za bima mtawanyo za huku kwetu, kama Africa Re na ZEP-RE, zina nafasi ya kuyasukuma haya, kwa kuwa zinajua lugha ya soko na makao makuu yake yako Lagos na Nairobi. Najua ada itapanda. Ada ya sasa ni nafuu kwa sehemu kwa sababu mkulima anaigharamia bila kuandikiwa risiti.

Malawi haikuiacha ARC moja kwa moja. Mwaka 2022, baada ya ukame wa msimu wa 2021/22, ililipwa dola milioni 14.2, karibu mara mbili ya malipo yale ya 2017. Kati ya malipo hayo mawili ilibidi watu waende vijijini kuuliza swali moja kuhusu mbegu, swali ambalo bwana shamba yeyote wa wilaya angelijibu mwaka 2015, kabla ada haijalipwa.